Matembezi ya Terezín, Nikimfuata Petr Ginz

Basi la Terezín huanzia kituo cha Holešovice, kaskazini mwa Prague, na baada ya saa moja hivi unashuka katika uwanja wa mji wenyewe. Njiani ni mashamba mapana na vijiji vya paa nyekundu za vigae, na kilima cha Říp kimesimama peke yake katikati ya tambarare. Wageni wengi huimaliza safari hii kwa nusu siku: huzunguka makumbusho, huona makaburi, kisha hurudi Prague kwa chakula cha jioni. Mimi nilikuwa namfuata mtu wa kazi yangu, mhariri wa jarida, aliyeshika kalamu ndani ya kuta za mji huu tangu akiwa na miaka 14 hadi alipokuwa na miaka 16.

Jina lake ni Petr Ginz. Wanazi walimuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944. Katika Maangamizi ya Wayahudi waliuawa watu milioni sita, na watoto kati yao wanakaribia milioni moja na nusu. Siku hizi wanaomtaja Petr humtaja kwa kifo chake, na kwa mkasa uliotokea angani karibu miaka 60 baadaye, ambao nitaufikia. Lakini yeye mwenyewe, siku zote alizopewa, alishughulika na kazi: kuandika, kuchora, kusoma, na kuwahimiza wenzake waandike. Kumkumbuka kwa haki ni kuanza na kazi hiyo.

Nilianzia Prague, kwa sababu yeye alianzia huko. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1928. Baba yake, Otto, alikuwa Myahudi. Mama yake, Marie, alikuwa Mcheki asiye Myahudi kwa kuzaliwa. Wazazi hao walikutanishwa na Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, na Petr akakua akiifahamu kiasi cha kujitungia kamusi ya Kicheki na Kiesperanto. Dada yake, Eva, alizaliwa miaka miwili baada yake. Nyumba yao ilikuwa na vitabu, na mwandishi aliyemteka kijana huyo kuliko wote alikuwa Jules Verne, Mfaransa wa hadithi za safari za chini ya bahari na za mwezini.

Akiwa bado mtoto Petr alitunga riwaya kadhaa fupi, akazichora picha kwa mkono wake na kuzijalidi mwenyewe. Moja ilikuwa ya safari kutoka Prague hadi China, nyingine ya kuizunguka dunia kwa sekunde moja. Iliyosalia ni moja tu, hadithi ya mgeni kutoka zama za kale, nayo inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu inatokea Kongo. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Dubwana liitwalo Ka-du linawatisha watu, nao wanaliogopa kama mnyama wa kale aliyesahauliwa na wakati. Hatimaye inajulikana kuwa ni mashine iliyoundwa na binadamu.

Petr hakuwahi kufika Kongo. Aliijua kwa ramani na kwa vitabu vya Wazungu waliopita huko, na Kongo ya vitabu hivyo haikuwa Kongo ya watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira chini ya Mfalme Leopold. Hata hivyo mtoto huyo, akiandika katika mji uliokuwa umejaa askari wa Ujerumani, alilitambua jambo ambalo Wakongo walikuwa wamelijua kabla yake: kwamba kitisho kinachoonekana kama kimetoka kusikojulikana huwa kina mtu ndani yake anayekiendesha kwa faida yake.

Askari hao waliingia Prague tarehe 15 Machi 1939, Petr akiwa na miaka 11. Nilikwenda hadi mtaa wa Jáchymova, katika kitongoji cha Josefov kilichokuwa makao ya Wayahudi wa Prague kwa karne nyingi. Ni mtaa mfupi. Watu hupita wakielekea kwenye maduka ya kifahari ya jirani bila kuinua macho. Hapa ndipo ilipokuwa shule ya watoto wa Kiyahudi, baada ya wao kufukuzwa katika shule nyingine, na hapa ndipo Petr alipokuwa akija kila asubuhi.

Shajara yake ya Prague inaanza Septemba 1941, siku ambayo Wayahudi walilazimishwa kushona nyota ya njano kifuani. Anaandika hali ya hewa, anaandika amri mpya, kisha anaandika kwamba njiani kwenda shule aliwahesabu watu 69 wenye nyota, akawaita masherifu, kwa jinsi beji ile ilivyomkumbusha filamu za Marekani. Ndivyo anavyoandika kitabu kizima. Asubuhi shuleni, mchana nyumbani, jioni kwa bibi. Katikati ya sentensi hizo fupi zinaingia habari nyingine: Wayahudi wasipande gari la mbele la tramu, wapande la nyuma tu, wasalimishe vyombo vya muziki, wasalimishe nguo za sufi. Mwalimu fulani hayupo tena. Jirani fulani ameitwa kwenye msafara. Mwishoni mwa Mei 1942 Reinhard Heydrich, mkuu wa Wanazi katika nchi hiyo, alishambuliwa Prague na akafa siku chache baadaye, na Petr akawa anaandika majina ya watu waliopigwa risasi kwa kulipiza kisasi, kama yalivyokuwa yakitangazwa.

Hakuna kilio katika shajara hiyo. Kijana anaandika alichokiona na alichokisikia, anaweka tarehe, anasonga mbele. Ni nidhamu ya mwandishi wa habari, na hakufundishwa na mtu.

Dakika chache kwa miguu kutoka hapo lipo Sinagogi la Pinkas.  Ndani kuna kuta zilizoandikwa kwa mkono, kutoka karibu na sakafu hadi juu kichwani, majina karibu 80,000 ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa. Jina la ukoo, jina la mtu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho inayojulikana. Majina yalianza kuandikwa katika miaka ya 1950, yakaharibika chini ya utawala wa kikomunisti jengo lilipofungwa kwa miaka mingi, yakaandikwa upya katika miaka ya 1990. Mtu akisimama hapo akasoma ukuta mmoja tu, anasoma familia nzima nzima: babu, mabinti, wajukuu. Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofundishwa Terezín na msanii Friedl Dicker-Brandeis, aliyeacha michoro yao ipatayo 4,500 ndani ya masanduku mawili kabla naye hajapelekwa Auschwitz.

Kwa sheria za Wanazi mtoto wa ndoa ya mchanganyiko aliachwa akae na wazazi wake mpaka afikishe miaka 14. Petr aliifikisha Februari 1942, na Oktoba mwaka huo akaitwa. Waliokuwa wakiitwa walikusanywa karibu na uwanja wa maonyesho wa Holešovice, wakalala chini siku kadhaa, kisha wakatembezwa hadi kituo cha reli cha Bubny. Kituo hicho bado kipo. Mbele yake, tangu mwaka 2015, msanii Aleš Veselý amesimamisha kipande cha reli kinachopanda moja kwa moja kuelekea mbinguni. Alfajiri moja nilikitazama wakati wafanyakazi wa mji wakiwahi tramu zao, nikafikiria mvulana mwenye begi, namba shingoni, na mama aliyeachwa upande wa pili wa uzio.

Terezín haikujengwa iwe gereza la Wayahudi. Mfalme Josef wa Pili wa Austria aliijenga mwishoni mwa karne ya 18 kama ngome ya jeshi, akaipa jina la mama yake, Maria Theresa. Ndiyo maana mji mzima umefungwa na kuta nene za matofali mekundu na mahandaki, na mitaa yake imenyooka kwa rula. Wanazi waliona mji uliokwisha kuzungushiwa ukuta. Msafara wa kwanza wa Wayahudi uliingia tarehe 24 Novemba 1941. Kabla ya vita waliishi humo watu wapatao 7,000, raia na askari pamoja. Mnamo Septemba 1942, mwezi mmoja kabla Petr hajafika, walikuwa wamebanwa humo zaidi ya 58,000. Wengi walikuwa wazee, na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa kila siku. Jumla ya waliofia ndani ya geto hilo ni zaidi ya 33,000. Wengine zaidi ya 87,000 walipakiwa kwenye treni kwenda mashariki, na waliorudi ni wachache mno.

Leo Terezín ni mji mdogo ulio kimya. Jeshi liliondoka katika miaka ya 1990, na kambi nyingi za askari zimebaki zikimong'onyoka. Lakini kuna watu wanaoishi hapa, kuna duka la vyakula, kuna watoto wanaoendesha baiskeli uwanjani. Mwanzoni jambo hilo lilinisumbua. Baadaye nikaona kwamba Petr, ambaye alipenda kujua watu wanaishije, asingekasirika.

Jengo nililolifuata linatazama uwanja huo. Wakati wa geto mitaa haikuwa na majina. Iliyokwenda kwa urefu iliitwa L na iliyokatiza iliitwa Q, na jengo hili lilikuwa L417. Zamani lilikuwa shule, na tangu mwaka 1991 ni Makumbusho ya Geto. Wazee wa Kiyahudi waliolazimishwa kuendesha mambo ya ndani ya geto waliamua kwamba watoto watengwe na mabweni ya watu wazima, walau wapate hewa kidogo na mtu wa kuwaangalia. Wavulana wa miaka 10 hadi 15 waliwekwa hapa, bweni kwa bweni, wamelala kwenye vitanda vya mbao vya ghorofa tatu.

Bweni Namba Moja lilikuwa chini ya mwalimu Valtr Eisinger, kijana bado, mwalimu wa lugha. Kufundisha kulikatazwa. Eisinger akafundisha. Akawaachia wavulana wajitawale, wakaunda jamhuri yao, wakaiita Škid, jina walilolitoa katika kitabu cha Kirusi kuhusu watoto yatima waliojiongoza. Wakawa na serikali yao, wimbo wao, nembo yao ya roketi inayoruka ikipita kitabu kuielekea nyota. Na wakawa na jarida, Vedem, yaani Tunaongoza. Mhariri wake mkuu alikuwa Petr Ginz.

Vedem ilitoka kila wiki kuanzia Desemba 1942 hadi mwaka 1944, nakala moja tu kwa kila toleo. Mwanzoni waliipiga taipu. Utepe wa taipu ulipokwisha wakaiandika kwa mkono. Ijumaa jioni wavulana walikusanyika katika bweni, na kila mwandishi akaisoma makala yake kwa sauti. Kurasa zilizobaki ni kama 800. Humo mna mashairi ya Hanuš Hachenburg, mshairi wa ajabu aliyeuawa akiwa bado kijana mdogo. Mna mijadala ya siasa, uchambuzi wa mabao ya mpira, vichekesho, maelezo ya sayansi, na lawama kwa wasiofagia bweni.

Mhariri yeyote anajua shida ya waandishi wanaoahidi na hawaleti. Petr alikuwa nayo pia, akiwa na wavulana wenye njaa na uchovu wa kazi za kulazimishwa. Kwa kuwa mama yake alibaki Prague, alikuwa akipata vifurushi vya chakula mara kwa mara, na waliosalimika katika bweni lile walisimulia kwamba alikuwa akiwagawia waandishi wake sehemu ya chakula hicho ili walete makala. Na zisipotosha, alikaa kitandani kwake miguu imekunjwa, akaandika zilizopungua mwenyewe na kuzitia jina la Akademia. Hayo ndiyo malipo ya waandishi ninayoyaona kuwa ya heshima kuliko yote niliyowahi kuyasikia: kipande cha mkate cha mhariri mwenyewe.

Nilisimama muda mrefu mbele ya kurasa zilizoonyeshwa. Mwandiko wa watoto unafanana popote duniani. Herufi zinaanza zikiwa zimenyooka, kisha mwandishi anachoka au anapata haraka, zinalala. Mama mmoja mwongoza wageni, aliyeniona nimeganda pale, aliniuliza kama ni mwalimu. Nikamjibu kuwa naandika magazetini. "Basi hawa ni wenzako," akasema, na akaniacha.

Miongoni mwa makala za Petr kulikuwa na mfululizo wa matembezi ya Terezín. Mtoto aliyekuwa ametunga safari za China na Kongo akawa sasa mwandishi wa safari wa mji ambao mtu huumaliza kwa dakika chache akitoka ukuta huu hadi ukuta ule. Alikwenda kwa wazima moto akaandika wanavyofanya kazi. Alikwenda kwenye tanuri la mikate. Alikwenda hata kwenye matanuri ya kuchomea maiti, akaangalia, akauliza, akaandika.

Niliamua kuyafuata matembezi hayo kwa miguu. Nikapita kambi ya Magdeburg, iliyokuwa ofisi za baraza la wazee, ambako sasa wametengeneza mfano wa bweni lenye masanduku ya safari na nguo zilizotundikwa. Nikatoka nje ya kuta kwa njia ya kusini, nikafuata miti hadi kwenye jengo la chini la rangi ya njano. Ndani yake kuna matanuri manne, ya chuma, makubwa kuliko nilivyotarajia. Yalijengwa mwaka 1942, makaburi yalipokuwa hayatoshi tena. Majivu ya kila mtu yaliwekwa katika kiboksi chenye jina, na watu wa geto walitumaini kwamba siku moja ndugu watayapata. Novemba 1944 Wanazi waliamuru viboksi vitolewe ili kuficha ushahidi, na majivu ya watu wapatao 22,000 yakamwagwa katika mto Ohře. Mto unapita hapo karibu, wa kawaida, maji yake yana rangi ya chai. Kuna jiwe la kumbukumbu ukingoni.

Katika chumba kile cha matanuri ndipo nilipomwelewa Petr vizuri zaidi. Mvulana wa miaka 15 alisimama hapa, akijua kwamba kila siku watu waliokuwa wakizungumza juzi wanaingizwa humu, akaichukua kalamu yake kama anavyoichukua mtu mzima aliyetumwa na gazeti. Angeweza kugeuza uso. Aliona kwamba wenzake wana haki ya kujua mahali wanapoishi palivyo.

Na Wanazi walikuwa na hamu kubwa watu wasijue. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walikuja kuiona Terezín. Kabla yao maelfu ya watu walipelekwa Auschwitz ili mji usionekane umesongamana. Nyumba za mbele zikapakwa rangi, maua yakapandwa, maduka ya bandia yakafunguliwa, watoto wakaimba opera ya Brundibár ya mtunzi Hans Krása. Wageni wakatembezwa katika njia iliyopangwa, wakaondoka na ripoti nzuri. Jarida la siri la wavulana wa L417, lenye nakala moja, lilisema kweli kuhusu Terezín kuliko ripoti ya wajumbe hao.

Katika daftari zake za mwaka huo Petr aliweka mipango ya mwezi na ripoti ya mwezi: vitabu alivyosoma, alichojifunza katika jiografia na historia, picha alizochora, chapa alizochonga. Ratiba hiyo ni ya mtu anayejiandaa kwa maisha marefu. Mwaka huohuo Eva alitimiza miaka 14, naye akaletwa Terezín. Kaka na dada wakawa pamoja kwa miezi michache.

Mwishoni mwa Septemba 1944 ilitangazwa misafara mipya. Wanaume waliambiwa wanakwenda kufanya kazi. Petr na binamu yake, Pavel, waliitwa katika msafara wa tarehe 28 Septemba, uliochukua wanaume karibu 2,500. Eva naye alikuwa na shajara yake, na ndimo tunamojua siku hiyo. Alipita katikati ya umati, akapenya chini ya kamba iliyowazuia watu, akampa kaka yake mkate kabla mlinzi hajamfukuza. Hakumwona tena. Petr alifika Auschwitz akapelekwa kwenye chumba cha gesi. Mwalimu Eisinger aliondoka katika misafara hiyohiyo, naye hakurudi. Katika mwezi mmoja, hadi tarehe 28 Oktoba, treni 11 zilibeba watu wapatao 18,400.

Reli waliyopandia ilikuwa imeletwa hadi ndani ya geto mwaka 1943. Kabla ya hapo watu walitembea kilomita kama tatu kutoka kituo cha Bohušovice na mizigo yao. Kipande cha reli hiyo kingalipo, kimezama katika nyasi kando ya barabara. Niliifuata hadi inapoishia.

Bweni zima likaondoka, isipokuwa mmoja. Zdeněk Taussig alibaki kwa kuwa baba yake alikuwa mhunzi, na ufundi huo ulihitajika. Kijana huyo aliichukua Vedem yote, akaificha katika karakana ya wahunzi. Terezín ilipokombolewa Mei 1945 aliifukua na kuibeba hadi Prague. Katika wavulana karibu 100 waliopita Bweni Namba Moja walibaki hai kama 15. Wachache kati yao, akiwemo Jiří Brady aliyehamia Kanada na Kurt Kotouč aliyebaki nyumbani, waliendelea kuitunza kazi hiyo. Utawala wa kikomunisti haukutaka ichapishwe. Iliwabidi wasubiri mpaka miaka ya 1990 ndipo kitabu chenye sehemu ya maandishi yale kikatoka. Karatasi zenyewe ziko katika hifadhi ya Terezín.

Eva alinusurika. Otto, baba yao, aliletwa Terezín mapema mwaka 1945, naye akanusurika. Eva alikuja kuwa msanii nchini Israeli kwa jina la Chava Pressburger, akazihifadhi kazi za kaka yake zilizowafikia. Mmoja wa michoro hiyo, wa kalamu ya risasi, uko Yad Vashem, makumbusho ya Maangamizi yaliyoko Jerusalem. Unaonyesha milima ya mwezini yenye ncha kali, na nyuma yake, juu katika anga jeusi, dunia yetu. Petr aliuchora zaidi ya miaka 20 kabla binadamu yeyote hajaiona dunia kutoka huko.

Januari 2003 mwanaanga wa kwanza wa Israeli, Ilan Ramon, ambaye mama yake alinusurika Auschwitz, alibeba nakala ya mchoro huo ndani ya chombo cha Columbia. Chombo kilisambaratika kikirudi duniani tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga wote saba wakafa. Siku hiyo Petr angetimiza miaka 75.

Habari hiyo ilizunguka ulimwengu, na mchoro ukaonyeshwa kwenye televisheni. Mtu mmoja wa Prague akakumbuka kwamba katika nyumba yake, huko Modřany, kulikuwa na daftari kuukuu na michoro yenye jina hilohilo. Eva aliutambua mwandiko. Hizo ndizo zilikuwa daftari za shajara ya mwaka 1941 na 1942, ambazo kwa miaka 60 hakuna aliyejua ziko wapi. Zilichapishwa kwa Kicheki mwaka 2004, kisha kwa lugha nyingine nyingi. Mwaka uliofuata Ucheki ilitoa stempu yenye picha ya Petr na mchoro wake, na sayari ndogo namba 50413 ikapewa jina la Petrginz.

Watu hupenda kuishia hapo, kwenye nyota na stempu. Mimi naona wa kushukuriwa ni mhunzi na mwanawe, dada aliyetunza karatasi, na wazee waliokaa na kurasa zilizokatazwa kwa miaka 40 bila kuzitupa. Bila wao, Petr angekuwa jina moja katika ukuta wa Pinkas. Sisi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu hatuwezi kuisoma habari hii kama ya mbali. Rwanda mwaka 1994 watu walitolewa kwenye magari kwa sababu ya neno moja katika kitambulisho, kama Petr alivyotolewa nyumbani kwa sababu ya nyota, na katika waliokufa huko walikuwamo wanafunzi wenye madaftari yao.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu na wazazi: watoto wenu wakiandika, hata mambo madogo, hata ya kuchekesha, hifadhini, maana hakuna ajuaye ni karatasi ipi itakayokuja kumtolea mtu ushahidi. La pili ni kwa wafasiri na wachapishaji wetu. Petr Ginz alipotaka kuandika hadithi kuhusu utisho na ushindi dhidi yake, aliipeleka Kongo. Vijana wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wanastahili kuisoma kwa Kiswahili, na kumhukumu mwandishi huyo kama mwandishi yeyote anavyopenda kuhukumiwa: kwa ukurasa alioujaza.